Leseni ya kukusanya bunduki za kale Marekani: mwongozo kamili, kuanzia fomu hadi daftari

Machi 1963, duka la Klein's Sporting Goods la Chicago lilipokea kuponi iliyokatwa kwenye jarida, pamoja na hawala ya posta ya dola 21 na senti 45. Mwagizaji alijiandika A. Hidell. Duka likamtumia kwa posta bunduki ya jeshi la Italia, Carcano ya milimita 6.5 iliyofungwa darubini, namba C2766. Hakuna aliyemuuliza kitambulisho, maana sheria haikudai. Novemba mwaka huohuo Rais John F. Kennedy akapigwa risasi Dallas, na Hidell akajulikana kuwa ni Lee Harvey Oswald.

Kila anayeniuliza kuhusu leseni ya kukusanya bunduki za kale huku Marekani namsimulia kisa hiki kwanza, kwa sababu bila hicho masharti yake yanaonekana kama vituko vya ofisini. Mjadala ulioanzia pale ulichukua miaka mitano. Mwaka 1968 wakauawa Martin Luther King na Robert Kennedy, na tarehe 22 Oktoba Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Udhibiti wa Silaha. Bunduki kuja kwa posta hadi mlangoni kwa raia wa kawaida kukaisha. Ukaachwa upenyo mmoja mwembamba, wa mkusanyaji mwenye leseni, na kwenye upenyo huo pamewekwa daftari. Ukilielewa daftari hilo umeielewa leseni yote. Fomu ni jambo la jioni moja, daftari ni la miaka.

Leseni yenyewe inaitwa Aina ya 03. Kwenye karatasi za serikali utaiona kama leseni ya "Curios and Relics", yaani vitu adimu na masalio ya kale, na wenyewe tunaiita C&R tu. Inatolewa na ATF, idara ya serikali ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na milipuko.

Inakupa nini, na haikupi nini

Mtu asiye na leseni akitaka kununua bunduki kutoka jimbo jingine, lazima itumwe kwa muuza silaha wa jimbo lake. Aende dukani, ajaze fomu 4473 ya serikali ya mnunuzi wa bunduki, duka lichunguze rekodi yake, alipe na ada ya dukani. Mwenye C&R hutuma nakala ya leseni yake kwa muuzaji, na bunduki inayostahili inakuja moja kwa moja kwenye anwani iliyoandikwa kwenye leseni. Hata akiingia dukani kununua bunduki ya aina hiyo hajazi 4473, kwa sababu kwa bunduki hiyo ni mwenye leseni anayeuziana na mwenye leseni mwenzake.

Neno la kushika hapo ni "inayostahili". Ukitaka bastola mpya ya Glock, leseni yako ni karatasi tu. Utapanga foleni na kujaza 4473 kama jirani yako. Haikuruhusu kutembea na bastola. Haikuruhusu bunduki za rashasha: hata rashasha ya Vita ya Pili ina usajili wake wa pekee, kodi yake ya dola 200 na miezi yake ya kungoja.

Wala si leseni ya biashara. Kijana mmoja wa Tanga aliyeko Texas alinipigia siku moja: "Shikamoo kaka. Nataka hiyo leseni ya dola thelathini nianze kununua na kuuza." Nikamwambia marahaba, na hiyo unayoitaka siyo hii. Mkusanyaji anaruhusiwa kuuza ili aboreshe mkusanyo wake, mathalani kutoa bunduki mbili za kawaida apate moja nzuri. Akianza kununua kwa nia ya faida anakuwa mfanyabiashara asiye na leseni ya biashara, na hilo ni kosa la jinai.

Nani anaweza kuomba

Uwe umetimiza miaka 21. Usiwe umewahi kutiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, wala kosa dogo la kumpiga mwenza au mtu wa nyumbani. Usiwe chini ya amri ya mahakama ya kukaa mbali na mwenza. Usiwe mtumiaji wa dawa za kulevya, na hapa watu wengi hujikwaa: Ohio, ninakoishi, imeruhusu bangi kwa watu wazima tangu 2023, lakini swali la fomu linatoka serikali ya shirikisho, na kwa serikali hiyo kibali cha jimbo hakifuti kosa.

Kwa sisi wa kuja, suala kubwa ni hati za kukaa. Mwenye Green Card anaomba sawa na raia. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi. Ipo misamaha, unaojulikana zaidi ukiwa ule wa mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo, ila mimi nisingeitegemea bila kukaa na wakili kwanza. Kosa la silaha kwa asiye raia linaweza kumrudisha nyumbani hata kama amekaa huku miaka 20 na watoto wamezaliwa hapa. Kama kesi yako ya uhamiaji bado ina utata, acha bunduki zipumzike. Zimeshangoja tangu vita vya Wajerumani, zitangoja tena.

Kabla ya fomu: jifunze kutenganisha mafungu matatu

Hapa ndipo penye elimu yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fungu la kwanza ni silaha za kale kabisa, zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Kwa sheria ya shirikisho hizi hazihesabiwi kuwa bunduki, na kuzinunua hakuhitaji leseni ya ATF. Humo wamo magobore ya baruti ya kushindiliwa mdomoni, na pia Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya baruti nyeusi waliyokuwa nayo askari wengi wa Mjerumani walipopambana na Waingereza pale Tanga, Novemba 1914. Ilikuwa imepitwa na wakati hata siku hiyo. Kila askari aliyefyatua aliacha wingu la moshi mweupe juu ya kichwa chake, na adui akajua pa kulenga. Leo Mmarekani anaweza kuinunua Mauser hiyo bila kuonyesha leseni ya ATF, kwa sharti tu kwamba jimbo lake halisemi vingine.

Fungu la pili ndilo la leseni yetu. Bunduki inaingia humo kwa njia tatu. Ya kwanza ni umri: imetimiza miaka 50 tangu itengenezwe, ni halisi wala si mfano uliotengenezwa upya, na iko katika umbo lake la asili. Hesabu hii inatembea. Bunduki iliyotoka kiwandani Machi 1975 iliingia Machi 2025, bila kumwomba mtu. Njia ya pili ni mtunzaji wa makumbusho ya serikali ya mji, jimbo au shirikisho kuithibitisha kuwa ina thamani ya kimakumbusho. Ya tatu ni kwamba sehemu kubwa ya bei yake inatokana na uadimu wake, ugeni wake, au uhusiano wake na mtu au tukio la kihistoria. ATF wanachapisha orodha ya bunduki zilizokubaliwa, lakini yenye miaka 50 haina haja ya kuwamo kwenye orodha hiyo.

Fungu la tatu ni nyingine zote.

Mtego uko kwenye maneno "umbo lake la asili". Baada ya vita vyote viwili, bunduki za jeshi zilikuwa rahisi kama jembe, na wawindaji wa Kimarekani walizinunua wakazikata: mbao ya mbele ikafupishwa, mahali pa kufungia singe pakasagwa, kitako cha kifahari kikawekwa. Bunduki ya namna hiyo, hata ikiwa ya 1917, imetoka kwenye fungu la pili na kuangukia la tatu. Mabadiliko madogo hayaitoi. ATF wenyewe wamesema kwamba vishikizo vya darubini, shabaha isiyo ya asili au pete za mkanda haviondoi hadhi yake. Kukata mbao na kubadilisha kitako ni jambo jingine.

Mimi niliponea chupuchupu. Mwaka wangu wa kwanza niliona tangazo la Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Waingereza, ya 1943, bei ya kuvutia, na muuzaji ameandika kabisa kwamba inakubalika kwa C&R. Picha ilikuwa ya upande mmoja, imekatwa karibu na mdomo wa mtutu. Nikaomba nyingine. Ilipokuja nikaona mbao ya mbele inaishia katikati, mviringo laini kama mpini wa jembe jipya. Muuzaji hakuwa tapeli, alidhani tu kwamba mwaka unatosha. Lakini ingefika kwangu, kosa lingekuwa letu sote wawili, na daftari langu lingekuwa ushahidi. Tangu hapo siagizi bunduki bila picha nne: kushoto, kulia, mdomo wa mtutu, na rajamu za kiwandani.

Kuna na mtego wa kupendeza. Wafini walitengeneza bunduki zao za M39 wakati wa vita kwa kutumia miili ya bunduki za zamani za Warusi. Mtutu unaweza kusema 1942 huku mwili, yaani ile sehemu inayobeba komeo la kufungia risasi na ambayo kisheria ndiyo bunduki, ukiwa wa 1896. Mwaka huo hauonekani kwa nje. Umegongwa chini ya mkia wa mwili, na ili uuone lazima ufungue skrubu na kuutoa kwenye mbao. Ukikuta 1898 au chini ya hapo, hiyo M39 ni ya fungu la kwanza. Wazee wa maonyesho ya bunduki huku hutembea na bisibisi mfukoni kwa ajili hiyo tu.

Uliza jimbo lako kabla ya kuuliza Washington

C&R ni leseni ya shirikisho. Haifuti sheria ya jimbo wala ya mji. Illinois wanadai kadi yao ya kumiliki silaha, iitwayo FOID, hata kama una leseni kumi za ATF. Massachusetts wana leseni yao. New Jersey wana kadi yao na, kwa bastola, kibali juu ya kadi. California wanataka cheti chao cha kustahiki ili ufaidi nafuu nyingi za mkusanyaji. Ohio na Texas hazina mzigo huo. Ukihamia jimbo jipya, sheria zinazokuhusu zinabadilika. Soma tovuti ya mwanasheria mkuu wa jimbo au polisi wa jimbo. Usisome maoni ya watu.

Fomu yenyewe

Inaitwa ATF Form 7/7CR, namba 5310.12/5310.16, na ipo kwenye tovuti ya ATF bure. Ukurasa wa mbele unatisha kwa sababu fomu hiyohiyo hutumiwa na wafanyabiashara na watengenezaji wa silaha. Vipengele vingi haviwahusu wakusanyaji, na maelekezo yanasema vipi uruke.

Chagua Aina ya 03. Ada ni dola 30 kwa miaka mitatu, hundi au kadi ya benki, na sehemu ya kujaza kadi iko kwenye fomu. Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha jimbo. Hili kwetu si dogo: Mswahili mwenye majina matatu kwenye pasipoti, mawili kwenye leseni ya udereva na jina la babu likigeuzwa kuwa la ukoo, ajipange kabla. Chagua yale ya kitambulisho unachotumia kila siku, na uyaandike hivyohivyo kila mahali. Kama umewahi kutumia mpangilio mwingine, kuna nafasi ya majina mengine. Ijaze.

Anwani iwe ya nyumbani unapokaa, kwa sababu ndipo bunduki zitakapofikia na ndipo daftari litakapokaa. Sanduku la posta halikubaliki kuwa makazi ya mkusanyo. Kama umepanga, soma mkataba wako wa nyumba kwanza. Kuna wenye nyumba walioandika katazo la silaha, na ni heri ulijue leo.

Tofauti na mfanyabiashara, mkusanyaji haambatanishi alama za vidole wala picha.

Kisha nakala ya pili ya fomu unaipeleka wewe mwenyewe, kwa posta au kwa mkono, kwa mkuu wa polisi wa eneo lako. Mjini ni mkuu wa polisi wa mji, shamba ni sherifu wa kaunti. Huombi ruhusa yake, unamjulisha tu. Fomu inakutaka uthibitishe kwamba umefanya hivyo, na kwa saini yako unaapa. Mimi niliipeleka kwa mkono. Askari wa mapokezi aliitazama, akanitazama, akaita mwenzake, wakaitazama wote wawili, halafu akasema hajawahi kuiona lakini ataiweka kwa bosi. Ndivyo ilivyokwisha.

Maswali ya ndiyo na hapana yajibu polepole. Jibu la uongo ni kosa lenyewe, kubwa kuliko lile ulilotaka kulificha.

Kungoja, na siku inapofika

Kituo kinachoshughulikia leseni kiko Martinsburg, West Virginia. Fomu iliyojazwa sawasawa sheria inawapa siku 60 kuijibu. Neno "sawasawa" ndilo linalowachelewesha watu: kisanduku kimoja kilichoachwa wazi, na barua inarudi kwako.

Leseni ikija itazame namba yake. Ina mafungu sita, na la nne litakuwa 03. La tano ndilo la kuchekesha: tarakimu moja na herufi moja, ambazo ni tarehe ya kuisha. Tarakimu ni ya mwisho ya mwaka na herufi ni mwezi, A ikiwa Januari, B Februari, na kuendelea hadi M kwa Desemba, huku I ikirukwa isifanane na 1. Kwa hiyo 8C ni Machi 2028. Muuzaji mzoefu husoma herufi hiyo kabla hajasoma jina lako.

Tia saini kwa wino. Muuzaji anataka nakala iliyosainiwa, na wengi hupokea ya kuskani kwa barua pepe. Ile ya asili ifiche na usiitoe nyumbani.

Bunduki ya kwanza

Wengi huanza na Mosin-Nagant ya Kirusi, na mimi pia. Karibu mwaka 2010 zilikuwa chini ya dola 100 kila moja. Sasa ni mara kadhaa ya hiyo, kwa kuwa maghala yamekauka na milango ya uagizaji imebanwa. Zilizoko madukani na kwenye minada ni zilizokwisha kuingia. Miaka ya karibuni wakaja Wahabeshi: shehena za bunduki kutoka maghala ya Ethiopia, Carcano nyingi ndani yake. Waitaliano waliingia nazo Ethiopia mwaka 1935, na mwaka 1941 wakanyang'anywa na majeshi ya Waingereza yaliyokuwa na King's African Rifles ndani yake, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa. Ukikuta kitako cha Carcano ya Ethiopia kimefungwa kwa ngozi mbichi iliyokaukia hapo, na misumari ya mapambo imepigwa, usikisafishe. Hiyo ngozi ndiyo historia.

Yangu ilikuja kwenye boksi refu la kadibodi, dereva akataka saini ya mtu mzima. Ilikuwa imelala kwenye grisi ya kahawia iliyoganda, harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na gereji. Maji ya moto ndiyo dawa yake. Nikachemsha sufuria, nikamimina ndani ya mtutu kwa faneli, grisi ikatoka kama asali chafu. Mke wangu akatokea mlangoni: "Baba Neema, hiyo sufuria ya ugali?" Nikanunua sufuria nyingine siku hiyohiyo.

Chini ya grisi juu ya mtutu ikatokea rajamu: pembetatu yenye mshale ndani, kiwanda cha Izhevsk, na 1942. Ingekuwa nyota, ingekuwa Tula. Karibu na mdomo wa mtutu, kwa herufi ndogo kuliko za gazeti, jina la kampuni iliyoiingiza Marekani, mji na jimbo lake. Hapo ndipo unapochukua kalamu.

Daftari

Kila bunduki ya fungu la pili unayoipata ukiwa na leseni, iwe ya kununua, ya zawadi au ya kubadilishana, inaandikwa. Tarehe uliyoipokea. Jina na anwani ya aliyekupa, au jina na namba ya leseni yake kama anayo. Mtengenezaji. Mwingizaji. Modeli. Namba iliyogongwa. Aina, kama ni raifo, bastola au shotgani. Kipenyo cha risasi. Upande wa kulia unaachwa wazi kwa siku itakapoondoka: tarehe, jina na anwani ya anayeichukua, na kama hana leseni, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho chake.

Kuandika kuingia kunafanyika kabla ya kufungwa kwa siku ya kazi inayofuata. Kuondoka kuna siku saba. Ikifika Ijumaa jioni una hadi mwisho wa Jumatatu, lakini mimi huandika kabla sijala, maana nikishakula nasinzia.

Kosa la kawaida kabisa ni kumsahau mwingizaji. Watu huandika "Izhevsk" wakaridhika, na jina la kampuni lililo chini ya grisi hawakuliona. La pili ni herufi za Kirusi. Namba ya Mosin hutanguliwa na herufi mbili ambazo mtu huandika kwa kukisia. Chukua kioo cha kukuzia, uzichore kama zilivyo. La tatu ni kwenye Mauser za Kijerumani zilizotekwa na Warusi, ambazo zina alama ya X kwenye mwili. Warusi walizifungua, wakazisafisha, wakazifunga upya bila kujali namba, kwa hiyo komeo lina namba yake, sahani ya chini ina namba yake, na nyingine imekwaruzwa kwa kalamu ya umeme. Inayoandikwa ni ya mwili.

Daftari liwe lililoshonwa, si karatasi za kuchomoa. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke bado, andika sahihi pembeni, weka herufi za jina lako na tarehe. Korekta nyeupe usiiguse. Na usichanganye: bunduki za fungu la kwanza hazimo, na ile Glock ya dukani haimo. Mzee mmoja wa klabu yetu aliandika kila kitu hadi bunduki za upepo za wajukuu, na siku aliyotaka kumpa mjukuu ya kwake akawa na mstari usiojua uende wapi.

Kuna kompyuta, ndiyo, ATF wanaruhusu kwa masharti. Kwa bunduki kumi au ishirini daftari la dola 10 linatosha na halihitaji chaji.

Wakija kukagua

ATF wana haki ya kukagua daftari na mkusanyo wako mara moja katika miezi 12. Jambo ambalo wengi hawalijui: mkusanyaji ana haki ya kuchagua ukaguzi ufanyike kwenye ofisi ya ATF iliyo karibu naye badala ya nyumbani. Wakaguzi ni watu wa karatasi. Wanahesabu mistari, wanalinganisha na bunduki, na wakikuta iko mistari mitano na bunduki nne, swali lao ni moja tu.

Bunduki ikiibiwa au ikipotea, una saa 48 tangu ulipogundua za kutoa taarifa kwa ATF na kwa polisi wa eneo lako, wote wawili. Ukihama nyumba, fomu ya kubadilisha anwani (5300.38) itumwe siku 30 au zaidi kabla ya kuhama. Wengi hukumbuka wakiwa wameshapanga masanduku kwenye lori. Fomu ya kuhuisha hukufikia kwa posta miezi kama mitatu kabla ya leseni kuisha, dola 30 tena, na ndiyo maana anwani yako iwe ya kweli.

Kuuza na kupiga risasi, kwa ufupi

Ukiuza kwa asiye na leseni, lazima awe mkazi wa jimbo lako. Kwa mwenye leseni unaweza kuuza jimbo lolote. Na ndugu au rafiki akikuambia "nitumie hela uninunulie na mimi", kataa kwa heshima. Kumnunulia mtu asiyeruhusiwa ni kosa lenye adhabu hadi miaka 15 tangu sheria ya 2022. Wala usimwahidi mjomba wa Moshi kwamba utamletea moja likizo. Kutoa bunduki Marekani ni kibali kimoja, kuiingiza Tanzania au Kenya ni kingine, na uwanja wa ndege si mahali pa kuanzia maombi.

Ukitaka kuipiga, ipeleke kwanza kwa fundi wa bunduki apime nafasi kati ya komeo na chumba cha risasi. Lee-Enfield Namba 4 ina vichwa vya komeo vya saizi nne, kuanzia 0 hadi 3, kwa ajili hiyo, na mtu aliyebadilisha kichwa miaka 30 iliyopita hakukuachia barua. Risasi za zamani za kijeshi nyingi zina viwashio vinavyoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo mafuta hayaitoi, maji ya moto ndiyo yanayoitoa. Osha siku hiyohiyo, kausha, ndipo utie mafuta. Ukingoja kesho, utakuta kutu.

Kwa anayetamani M1 Garand ya Kimarekani, mlango wake ni Civilian Marksmanship Program, shirika linalowauzia raia bunduki za zamani za jeshi, lenye maduka Anniston, Alabama, na Camp Perry, Ohio. Lina masharti yake, na leseni ya C&R hukubaliwa humo kuwa ushahidi wa kushiriki mambo ya bunduki.

Mwambie mtu

Daftari langu liko kwenye sefu, rafu ya juu, pamoja na karatasi moja ya mkono niliyoiandika kwa Kiswahili ili isomwe na mke wangu na si na mwizi. Inasema ni bunduki zipi za fungu lipi, na kwamba warithi wanaruhusiwa kupokea kwa wosia hata wakiwa jimbo jingine, mradi sheria ya huko haiwakatazi. Inasema pia asimuuzie mtu wa kwanza atakayekuja msibani akisema "yale machuma ya mzee nitakuondolea". Ampigie kwanza muuza silaha wa mjini, jina lake nimeliandika chini, na amwonyeshe daftari kabla ya kumwonyesha bunduki.